Kusafisha nyaraka za zamani kwenye ripo ya pamoja

Msanidi programu aliyeanza kazi wiki hii anafungua ripo ya nyaraka ya timu yake, anaandika "kuunganisha malipo" kwenye kisanduku cha kutafutia, na anapata majibu manne. Moja liko `docs/malipo/kuanza.md`. Jingine liko `docs/archive/malipo/kuanza.md`. La tatu ni `docs/archive/old/malipo_mpya_FINAL.md`, na la nne ni `docs/malipo/kuanza-v2-USIFUTE.md`. Yote yameandikwa kwa uhakika uleule, yote yana mifano ya msimbo, na hakuna linalosema lipi ndilo linalotumika leo. Anachagua lenye maelezo marefu zaidi, kwa sababu mgeni huamini maelezo marefu. Saa tatu baadaye bado anahangaika na anwani ya seva iliyozimwa zamani.

Kila aliyechangia hali hiyo alikuwa na nia njema. Aliona waraka umepitwa na wakati, akaogopa kuufuta, akausogeza kwenye `archive` na kuendelea na shughuli nyingine. Miaka inapita, folda inakua kuliko nyaraka zinazotumika, na hakuna anayethubutu kuigusa kwa kuwa hakuna anayejua kilichomo. Hofu ya kufuta inaeleweka kwenye kompyuta ya mtu binafsi au kwenye diski ya ofisi. Kwenye Git haina msingi. Tangu Linus Torvalds alipoianzisha Aprili 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, kazi ya Git imekuwa kutunza kila hali ambayo mradi umewahi kuwa nayo. Faili linalofutwa leo linabaki ndani ya kila komiti iliyotangulia, na hurudishwa kwa amri moja.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na ushauri wote unaofuata umejengwa juu yake: historia ya Git ndiyo kumbukumbu, na folda ya `archive` haiongezi usalama wowote. Ina kazi moja tu halali, nayo ni kumhudumia msomaji ambaye leo hii bado anauhitaji waraka wa zamani. Faili lisilo na msomaji wa namna hiyo liondoke.

Jua kwanza kilichomo

Usianze kwa kufuta. Anza na orodha yenye tarehe. Amri hii, ukiwa ndani ya ripo, inataja kila faili la folda ya zamani pamoja na siku lilipoguswa mara ya mwisho, kuanzia la kale zaidi:

`git ls-files docs/archive | while read f; do echo "$(git log -1 --format=%cs -- "$f") $f"; done | sort`

Weka matokeo kwenye lahajedwali na uongeze safu mbili tupu: mwenye waraka, na uamuzi. Lahajedwali hilo ndilo litakalokuongoza hadi mwisho wa kazi.

Tarehe hizo usiziamini kupita kiasi. Mtu akiwa amebadilisha jina la bidhaa au kurekebisha nafasi tupu kwenye mafaili yote kwa mpigo, mamia ya mafaili yataonekana yaliguswa siku moja wakati hakuna aliyeyasoma. Ukiona tarehe imejirudia mno, fungua komiti ile uone ilifanya nini, kisha itumie tarehe iliyotangulia. Hakikisha pia kwamba nakala yako ina historia kamili. Wengi wetu hupakua ripo kwa `--depth 1` ili kuokoa bando, na nakala ya aina hiyo huona komiti moja tu, hivyo kila faili litapewa tarehe ileile. `git fetch --unshallow` huleta historia iliyobaki.

Hatua inayofuata ni kujua nani anaelekeza watu kwenye mafaili hayo. Viungo vya ndani ni rahisi:

`git grep -n "archive/"`

Viungo vya nje ndivyo vyenye madhara, na ndivyo watu husahau. Kuna ujumbe wa hitilafu ndani ya programu yenyewe unaomwambia mtumiaji aende kusoma ukurasa fulani. Kuna majibu yaliyotayarishwa ya dawati la huduma kwa wateja, slaidi za mafunzo, PDF zilizochapishwa na kubandikwa ukutani, ripo za timu jirani. Rudia utafutaji uleule kwenye msimbo wa bidhaa, kisha waulize watu wa huduma kwa wateja ni kurasa zipi wanazotuma kila siku. Kama nyaraka zako zinatoka kwenye tovuti, kumbukumbu za seva zitakuonyesha ni kurasa zipi za zamani bado zinatembelewa. Ukurasa uliopitwa na wakati na bado una wageni wengi ni wa kushughulikiwa kwanza, hata kama ni mmoja kati ya mia tatu.

Jambo dogo la kuangalia hapo hapo: je, kuna `Archive` na `archive` kwa pamoja? Linux huziona kuwa folda mbili tofauti. Windows na macOS, kwa mpangilio wake wa kawaida, huziona kuwa moja, na mwenzako anayetumia mojawapo atakuwa anaona mabadiliko ya ajabu ambayo hakuyafanya. Ukitaka kubadilisha herufi kubwa iwe ndogo, pitia jina la muda: `git mv Archive archive-muda`, kisha `git mv archive-muda archive`.

Mafungu matatu

Ukiwa na orodha, kila faili litaangukia kwenye fungu moja kati ya matatu.

Fungu la kwanza ni nyaraka za toleo la zamani ambalo bado lina watumiaji. Hizi si kumbukumbu hata kidogo. Ni nyaraka hai za watu ambao hawajahama. DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi, huweka mwongozo kwa kila toleo kwa sababu hii. Seva hazipandishwi toleo siku moja nchi zote, na anayesimamia toleo la mwaka juzi anahitaji maelezo ya toleo lake. Maelezo ya toleo jipya yatampotosha. Tovuti ya Kubernetes nayo hutunza nyaraka za toleo la sasa na manne yaliyotangulia, basi. Hapo kuna somo la pili: matoleo yana ukomo uliotangazwa, na likitoka jipya, la mwisho linaondoka. Nyaraka zako za aina hii zitoe kwenye `archive` na uzipe folda au tawi lenye namba ya toleo. Jina la "kumbukumbu" linamfanya mtumiaji wa toleo lile adhani ametelekezwa.

Fungu la pili ni kumbukumbu za uamuzi: kwa nini tulichagua hifadhidata hii, kwa nini tuliacha ile njia ya kuthibitisha watumiaji, pendekezo gani lilikataliwa na kwa hoja zipi. Thamani yake haipungui kwa umri. Mtu akija na wazo lilelile baada ya miaka minne, waraka huo unaokoa kikao kizima. Mfano bora ninaoujua ni RFC, nyaraka za viwango vya intaneti zilizoanza Aprili 1969. RFC 2616 ya mwaka 1999, iliyoeleza HTTP, ilirithiwa mwaka 2014 na RFC 7230 hadi 7235, na hizo zikarithiwa mwaka 2022 na RFC 9110 na wenzake. RFC 2616 bado inasomeka palepale ilipokuwa. Kilichobadilika ni maelezo ya hali yake, yanayosema imerithiwa na ipi. Mapendekezo ya lugha ya Python, yaani PEP, hufanya vivyo hivyo: lililokataliwa hubaki na namba yake, na hali yake imeandikwa mwanzoni kabisa. Wanaoandika kumbukumbu fupi za maamuzi ya usanifu kwa mtindo alioueleza Michael Nygard mwaka 2011 wanaijua kanuni hii. Nyaraka za fungu la pili zirudishe kwenye folda yake ya maamuzi, kila moja na hali yake juu: limekubaliwa, limekataliwa, limerithiwa na namba fulani. Yeyote aliyefanya kazi na masjala ya serikali ataitambua mara moja: jalada linafungwa, na kwenye gamba linaandikwa namba ya jalada linaloendelea.

Fungu la tatu ni mengine yote. Rasimu, nakala za nakala, muhtasari wa vikao ambavyo uamuzi wake uko kwingine, picha za skrini za kurasa ambazo hazipo tena, HTML na PDF ambazo mashine ilizitengeneza kutoka kwenye mafaili mengine ya ripo hiyohiyo. Jiandae: fungu hili ndilo kubwa. Hizi zote futa. Zile zinazotengenezwa na mashine ziongeze pia kwenye `.gitignore`, la sivyo zitarudi.

Picha zinahitaji uangalifu kidogo. Tafuta jina la kila picha kwa `git grep`. Isiyotajwa popote ni ya kufutwa, isipokuwa kama violezo vya tovuti hujenga majina ya picha vyenyewe, kwa mfano kwa kuunganisha jina la ukurasa na lugha. Jenga tovuti nzima baada ya kufuta, upitie kurasa chache kwa macho.

Ukikwama kati ya fungu la kwanza na la tatu, jiulize: likikosekana wiki ijayo, nani atalalamika? Kama unaweza kutaja kundi la watu, libaki. Kama jibu ni "huenda mtu", lifute.

Lebo, komiti na leja

Kabla ya kufuta faili la kwanza, weka lebo inayoonyesha ripo ilivyokuwa:

`git tag -a kabla-ya-usafi -m "Nyaraka zote kabla ya kusafisha archive"`
`git push origin kabla-ya-usafi`

Usisahau mstari wa pili. Git haisukumi lebo yenyewe unaposukuma tawi, na lebo iliyobaki kwenye kompyuta yako haimsaidii mwingine yeyote. Lebo hiyo kiufundi si ya lazima, kwa kuwa historia ipo. Umuhimu wake ni kwa wanadamu: mwenzako anayesita atatulia ukimwonyesha jina moja ambalo chini yake kila kitu kipo.

Kisha tenganisha kuhamisha na kuhariri. Git haiandiki popote kwamba faili limebadilishwa jina. Hukisia baadaye kwa kulinganisha yaliyomo, na kwa kawaida hukubali kwamba ni faili lilelile pale mafaili mawili yanapofanana kwa asilimia 50 au zaidi. Ukihamisha faili na kuliandika upya kwenye komiti moja, `git log --follow` inaweza kukatika hapo, na miaka ya historia ya waraka ule ikaonekana kama imepotea. Komiti ya kwanza ihamishe tu kwa `git mv`. Ya pili ihariri. Kama timu yako hubana komiti zote kuwa moja wakati wa kuunganisha, basi peleka maombi mawili ya kuunganisha, kwa sababu kubana kutaharibu utenganisho wako.

Ujumbe wa komiti ya kufuta ndio pahala pa kuandika maelezo ambayo watu huyatafuta baadaye. Ufanye hivi:

Futa rasimu za mwongozo wa malipo wa toleo la 1

Toleo la 1 limezimwa. Hakuna kiungo cha ndani kinachoelekea huku.
Maelezo ya sasa: docs/malipo/kuanza.md
Kurejesha: lebo kabla-ya-usafi

Linganisha na "usafi" au "futa mafaili ya zamani". Anayesoma historia usiku wa manane akitafuta mpangilio wa seva ya zamani atakushukuru kwa mistari ile.

Ninapendekeza pia leja moja: faili liitwalo `ZILIZOONDOLEWA.md`, lenye mstari mmoja kwa kila kundi lililofutwa, likitaja njia, sababu, na kiungo cha kudumu cha hali ya mwisho. Kwenye GitHub, fungua faili ukiwa kwenye lebo au tawi, bonyeza herufi `y` kwenye kibodi, na anwani itabadilika iwe na namba ya komiti badala ya jina la tawi. Kiungo hicho hakivunjiki faili likifutwa baadaye. Ukurasa mmoja wa leja unachukua nafasi ya folda nzima, na mtu asiyejua Git, kama mwandishi au msimamizi wa bidhaa, anaweza kuutumia bila kujifunza amri yoyote.

Kwa wanaotumia amri, kurejesha ni hivi:

`git restore --source=kabla-ya-usafi docs/archive/malipo/kuanza.md`

Amri ya `restore` iliingia Git 2.23, Agosti 2019. Kama hukumbuki faili liliitwaje, `git log --diff-filter=D --summary -- docs/` itakuorodheshea yote yaliyowahi kufutwa chini ya folda hiyo. Ijaribu mbele ya timu mara moja, kwenye kikao. Hofu nyingi huishia hapo.

Anwani za kurasa

Sehemu hii ndiyo inayofanywa vibaya zaidi, na inawaumiza watu wasiokuwa na sauti kwenye ripo: wasomaji. Tim Berners-Lee alitetea mwaka 1998 kwamba kubadilisha anwani za kurasa ni uamuzi wa mwenye tovuti na ni wajibu wake kuzilinda. Hakuna nguvu ya asili inayozivunja. Faili la Markdown kwenye ripo ya nyaraka mara nyingi ndilo huzaa anwani. Ukilihamisha kutoka `archive` kwenda kwingine, umehamisha anwani, na kila aliyeihifadhi, aliyeituma kwa WhatsApp au aliyeichapisha anabaki na kiungo kilichokufa.

Kwa faili lililohamishwa, weka uelekezaji wa kudumu, ule wa namba 301. Miradi mikubwa hutunza orodha hiyo ndani ya ripo yenyewe ili ipitiwe kama badiliko jingine lolote: Kubernetes wana faili la `_redirects`, na MDN, nyaraka za teknolojia za wavuti zilizohamia GitHub Desemba 2020, wana `_redirects.txt` kwa kila lugha. Ukitumia Hugo, andika anwani ya zamani kwenye `aliases` juu ya faili jipya. Kwa Jekyll kuna programu-jalizi inayosoma `redirect_from`. Uelekezaji mpya ukigusa ukurasa ambao nao tayari unaelekezwa, rekebisha wa zamani uende moja kwa moja mwisho wa safari, ili msomaji asirushwe mara tatu kwenye mtandao wa kusuasua.

Kwa faili lililofutwa bila mrithi, toa jibu la 410, linalosema ukurasa uliondolewa kwa makusudi, pamoja na sentensi moja ya maelezo. Kuelekeza kila anwani iliyokufa kwenye ukurasa wa mwanzo ni njia ya mkato ninayoipinga kabisa. Msomaji aliyetaka maelezo ya kosa fulani anatua kwenye picha kubwa na neno "Karibu", hajui kama amekosea yeye au tovuti.

Kurasa za zamani zinazobaki zinahitaji tangazo juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza. Liandike kwa uwazi: "Ukurasa huu unahusu toleo la 1, lililofungwa Machi 2022. Usiutumie kwa kazi mpya. Maelezo ya toleo la 3 yako hapa," na kiungo kwenye ukurasa wenyewe unaohusika. Usiandike "huenda ukurasa huu umepitwa na wakati". Neno "huenda" linamwachia msomaji kazi ambayo ni yako. Blogu ya Kubernetes hubandika onyo kiotomatiki kwenye makala zenye umri zaidi ya mwaka mmoja, na kwa makala za habari hiyo inatosha. Kwa mwongozo unaofuatwa hatua kwa hatua haitoshi, kwa sababu kuna miongozo ya miaka mitano iliyo sahihi na ya miezi mitatu iliyokwisha kazi.

Kuondoa ukurasa kwenye menyu si kuuondoa kwenye utafutaji. Kisanduku cha kutafutia cha tovuti bado kitauleta, na Google pia. Weka `noindex` kwenye kurasa za zamani, na uzitoe kwenye faharasa ya utafutaji wa ndani. Usizifunge kwa `robots.txt` kwa wakati huohuo: mtambo uliozuiwa kuufungua ukurasa hauwezi kuiona `noindex` iliyo ndani yake, na anwani inaweza kuendelea kuonekana kwenye matokeo.

Kama nyaraka zina tafsiri, usafi wa lugha ya asili unaacha yatima. Ripo ya tafsiri za MDN ina folda iitwayo `orphaned`, ambamo huwekwa tafsiri ambazo ukurasa wake wa Kiingereza haupo tena. Wanaotafsiri miongozo kwa Kiswahili, mara nyingi kwa kujitolea, wanastahili kuambiwa kabla kwamba kurasa kumi walizozitafsiri zinaondoka, na zipi zimezirithi.

Siri zilizofichika na uzito wa ripo

Unapopitia mafaili ya kale utakutana na vitu ambavyo havikupaswa kuwepo: nenosiri la hifadhidata ndani ya mfano wa amri, ufunguo wa API, picha ya skrini yenye majina na namba za simu za wateja halisi. Hapa yale niliyosema juu ya historia yanageuka kuwa hatari, kwa sababu kufuta faili hakuondoi siri hiyo. Iko kwenye kila nakala.

Utaratibu wake ni mmoja. Kwanza badilisha nenosiri au ufute ufunguo kule unakotumika, leo, kabla ya jambo lolote. Ufunguo uliobatilishwa ukibaki kwenye historia hauna madhara makubwa. Taarifa za watu hazibatilishwi, kwa hiyo kwa ajili ya hizo inafaa kuandika historia upya kwa chombo cha `git filter-repo`, ambacho waendelezaji wa Git wenyewe wanakipendekeza badala ya `filter-branch` ya zamani. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania iliitunga yake mwaka 2022, na picha ya skrini ni taarifa binafsi kama ilivyo safu ya hifadhidata. Ujue gharama: namba za komiti zote kuanzia pale palipoguswa zitabadilika, viungo vya kudumu vya leja yako vitakufa, na kila mwenzako atalazimika kupakua ripo upya na kuacha nakala yake ya zamani. Nakala zilizochukuliwa na watu wa nje huzifikii. Ifanye kazi hiyo mwanzo kabisa, kabla ya lebo na leja.

Kuandika historia upya ili tu kupunguza uzito sikushauri, isipokuwa ripo imekuwa mzigo kweli. Tazama mstari wa `size-pack` baada ya `git count-objects -vH`. Kama ni megabaiti mia moja au mbili, acha, na uwaambie wachangiaji wapya watumie `git clone --filter=blob:none`, inayoleta historia bila yaliyomo ya mafaili ya kale hadi yatakapohitajika. Kama kuna video za mafunzo humo, hapo mjadala ni mwingine. GitHub hukataa faili linalozidi megabaiti 100 na huonya kuanzia 50, lakini mafaili ishirini ya megabaiti 40 hupita bila kuzuiwa na kubaki milele. Video zihamie kwenye hifadhi ya mafaili makubwa, na ripo ibaki na viungo.

Wenzako

Ripo ya pamoja haisafishwi na mtu mmoja mwishoni mwa wiki. `git shortlog -sn HEAD -- docs/archive` itakuonyesha walioandika zaidi kwenye folda hiyo. Waandikie wenyewe, kila mmoja na orodha ya mafaili yake na uamuzi unaopendekeza, na uwape wiki mbili. Tangaza tangu mwanzo kwamba kimya baada ya siku hiyo ni ridhaa. Bila kauli hiyo utasubiri jibu la mtu aliyeacha kazi.

Angalia maombi ya kuunganisha yaliyo wazi kabla ya kuanza. Mwenzako anayehariri faili unalolifuta atakumbana na mgongano asioutarajia, na mara nyingi atautatua kwa kulirudisha faili. Unganisha kazi zao kwanza, au zungumzeni.

Gawa usafi wako kwa mada: malipo, usakinishaji, mafunzo. Ombi lenye mafaili 400 yaliyofutwa halisomwi na mtu. Hukubaliwa kwa macho yaliyofumbwa au huachwa lioze. Lenye mafaili 25 ya mada moja, likiwa na maelezo ya mistari mitano, husomwa. Weka kwenye mtiririko wa majaribio chombo cha kukagua viungo kama `lychee`, ili ombi linalovunja kiungo likatae lenyewe kuunganishwa.

Kama ni ripo nzima iliyokufa, usihamishe mafaili yake popote. Andika juu ya README ni ripo ipi imeirithi, funga maombi na hoja zilizo wazi, kisha tumia kitufe cha GitHub cha kuihifadhi: inabaki kusomeka, haipokei mabadiliko, na anwani zake zote zinaendelea kufanya kazi. Uamuzi huo unaweza kutenguliwa baadaye.

Folda itajaa tena kama hakuna utaratibu. Mahali pake ni kwenye orodha ya kazi za kutoa toleo: toleo jipya likitoka, mtu aliyetajwa kwa jina anaamua kuhusu nyaraka za toleo linalofungwa siku hiyohiyo, wakati wanaozijua bado wapo.

Na kama wiki hii una nafasi ya jambo moja tu, acha folda ilivyo. Chukua kurasa tano za zamani zinazotembelewa zaidi, uweke juu yake tangazo lenye toleo, tarehe na kiungo cha maelezo ya sasa. Wanaozitembelea ndio wasomaji wanaopotea leo.